Sindano Zisizo na Dawa

Bukima, 8 Machi 1987

Mdogo wangu Dorotea,

Nakusalimu wewe, shemeji Makongoro, na wote wanaokula kwenye sufuria yako. Huku tunapumua. Nyamburi anasumbuliwa na goti, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote, naye anakusalimu. Mvua imeanza kwa kusuasua. Ziwani furu tuliowala utotoni hawaonekani tena, sangara kawamaliza. Wajukuu wangu nikiwaambia habari za furu wa kukaanga wananiangalia kama naongopa.

Barua yako ililetwa na dereva wa lori la pamba. Alikaa nayo mpaka ikanuka dizeli, lakini imefika. Dada, nimeisoma na kuirudia. Stanislausi kupewa upadre Desemba! Na misa yake ya kwanza iwe hapo kwenu Butiama tarehe 27, na yeye mwenyewe aseme kwaya iwe ya mjomba wake wa Bukima! Waambie kamati ya sherehe kwamba nimekubali. Hata wangenikataza ningekuja na watu wangu kwa miguu. Mtoto huyo nilimfundisha solfa akiwa amekaa juu ya gunia la dagaa, hajui hata kusoma.

Nimeanza kuandika nyimbo upya, sauti zote nne. Kazi inakwenda taratibu maana mkono wa kulia una uchovu kidogo. Nadhani ni jembe.

Kaka yako,
Bernado Masatu


Butiama, 26 Aprili 1987

Kaka Bernado,

Shikamoo. Pole na goti la wifi, mwambie asugue mafuta ya ng'ombe na aache kuliongelea, litapoa. Sisi wazima. Makongoro amepata ndama wawili na sasa anatembea kifua mbele kama kawazaa yeye. Mimi naendelea na mitumba yangu pale mnada wa Bunda. Siku hizi ni ruksa, kila mtu anauza, tumebaki kuuziana sisi kwa sisi.

Sasa nina ugomvi na wewe. Barua yako ilianza na herufi za watu, ikamalizia na sisimizi. Mstari wa mwisho ilibidi Makongoro aazime miwani ya katekista. Unabana karatasi? Ile shida imekwisha, Kaka, madaftari yapo madukani. Nakutumia moja. Andika kama mwalimu wa kwaya, si kama mtu anayemwibia karani wino.

La pili. Werema, yule jirani yetu anayenunua samaki huko, alisali kwenu Pasaka. Kaja hapa, kakaa, kanywa uji wangu, halafu kasema: "Mama Stanislausi, kwaya ya kaka yako ilikuwaga inatuamsha. Saa hizi Aleluya imekuwa tunazika mtu." Nikamuuliza, wameumwa? Akasema, "Si wao. Ni mwalimu ndiye anapunga mkono polepole, nao wanamfuata." Akaongeza kwamba ukikaa kwenye benchi mkono unatetemeka, na watu wa nyuma wanasema ni gongo.

Nilimwambia kaka yangu hajawahi kulewa hata togwa. Lakini sikulala vizuri. Una nini? Usinijibu kwa habari za jembe.

Dorotea


Musoma, Nyasho kwa Silasi, 24 Mei 1987

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa baba wa ndama. Niko Musoma, kwa mwanangu Silasi. Mkewe anatulisha vizuri, tatizo ni redio, haizimwi.

Si jembe. Nimepimwa hospitalini. Daktari alinitembeza kwenye korido, akakunja na kukunjua kiwiko changu, akaniambia niandike jina langu mara kadhaa. Nikaandika. Akacheka kwa upole akasema, "Mzee, kila ukiandika unazidi kuwa mdogo." Kumbe wewe na miwani yako ya kuazima mlikuwa mmeona ugonjwa kabla ya daktari. Unaitwa Pakinsoni. Uko kichwani, kwenye sehemu inayouamuru mwili uende. Hauambukizi. Si gongo, wala si mkono wa mtu. Nimeuliza kama unapona, daktari akasema unatunzwa. Nimepewa vidonge.

Ajabu yake ni hii: mkono unatetemeka ukipumzika. Nikiushika kazi unatulia. Nikisimama mbele ya kwaya hautetemeki sana, tatizo ni kuchelewa. Naona wimbo unakwenda mbele yangu nami niko nyuma yake, kama mtu aliyeachwa na lori.

Sasa sikiliza. Hospitalini kuna daktari wa Kichina, mwanamke, anaitwa Wei. Yule daktari wangu kanipeleka kwake nitibiwe kwa sindano. Nikajua ni sindano tunazozijua. Hapana, Dorotea! Ni nyembamba kuliko singa ya mkia wa ng'ombe, haina bomba, haina tundu, haina dawa. Nililala, akanichoma kichwani, mikononi, chini ya goti, hata karibu na kidole cha mguu, nami mguu hauniumi. Kisha anazungusha sindano kwa vidole na kuuliza, "Nzito? Nzito?" Ndilo neno lake kubwa la Kiswahili. Mwanzoni sikuelewa. Mara nikasikia uzito ukipanda mkononi, si maumivu, ni kama ganzi inayotembea. Nikapiga kelele, "Nzito!" Akafurahi kama nimejibu swali la mtihani.

Nilimuuliza muuguzi Benedikta, anayetusaidia kuelewana, dawa iko wapi. Akamuuliza. Jibu likarudi: dawa haipo, sindano inauamsha mwili. Nikasema basi mwili wangu una usingizi mzito.

Kuhusu Desemba usimwambie mtu. Nitasimama.

Bernado


Butiama, 7 Juni 1987

Kaka,

Shikamoo, na pole. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Jina la ugonjwa nimelifunga mdomoni, hata Stanislausi sijamwambia, ana mitihani yake.

Ila hizo sindano haziniachi. Nina maswali. Zikichomolewa damu inatoka? Mwanamke naye anavuliwa nguo? Akisahau moja je, ukaondoka nayo kichwani ukavaa kofia? Na kama hazina dawa, nani aliwaza kwanza kumchoma mtu ili apone? Huyo wa kwanza alimpata wapi mtu wa kukubali? Makongoro naye anauliza kama Mchina anaweza kumchoma dume lake linalochechemea. Nimemwambia ampeleke mwenyewe, alale naye kitanda kimoja.

Sasa nakushauri kama mtoto wa mama mmoja. Usichanganye waganga wawili. Unamkumbuka shangazi Wankyo? Alikuwa anakunywa mizizi ya kwetu, akaenda kwa siri kwa mganga wa Guta, dawa zikagombana tumboni karibu zimuue. Mama alituambia siku ile: mganga mmoja, ukimaliza ndipo mwingine. Tena sindano ndiye mkubwa wa dawa zote, kila mtu anajua. Mtu akipata sindano, vidonge vya nini tena? Mchina akijua una dawa ya mwenzake mfukoni atakasirika na mkono wake utakuwa mzito kweli. Chagua mmoja, Kaka.

Nakutumia sweta la mtumba. Lina picha ya mti wa theluji, usijali, linatia joto.

Dorotea


Musoma, 28 Juni 1987

Dorotea,

Wote wazima. Sweta limenitosha, watoto wa Silasi wananiita Mzungu.

Majibu: damu haitoki, au tone dogo. Wanawake wanatibiwa nyuma ya pazia. Sindano wanazihesabu. Aliyeanza hawajui, ni zamani sana. Dume hapana.

Shauri lako nimelipokea. Usingizi umekuwa mzuri.

B.


Butiama, 30 Agosti 1987

Kaka Bernado,

Shikamoo. Nimeandika mara mbili hujajibu kwa barua. Nikasema labda barua zimekwama, petroli imepanda tena na magari yamepungua. Mahindi tumevuna, si mengi. Stanislausi amekuja likizo, amekonda, anauliza habari zako kila akikaa kula.

Jana Silasi kaleta taarifa kupitia watu wa ushirika. Anasema umeanguka mlangoni kwake, umepasuka juu ya jicho, na kwamba ulikuwa umekakamaa, hata kugeuka kitandani unageuzwa. Nami nina kikaratasi chako cha mwanzo wa mwezi ulichompa Werema, kinasema "niliteleza kwenye tope kidogo, nimepona".

Tope gani Agosti, Kaka? Huku vumbi linatuingia mpaka kwenye chumvi. Musoma peke yake ndiko kunanyesha?

Ulikuwa unaendelea vizuri. Ulisema unalala. Nini kimetokea? Nitakuja, nakwambia, nitapanda hata juu ya magunia.

Dorotea


Musoma, 20 Septemba 1987

Mdogo wangu mpendwa,

Usije. Nimeshashonwa na uzi umetolewa. Leo nimetembea mpaka sokoni Nyasho na kurudi, nimenunua sato, nimemchagua mwenyewe. Herufi zangu unaziona, zimenenepa kidogo.

Nilikuwa nimeacha vidonge. Si vyote kwa mara moja, nilipunguza, kisha nikaacha. Niliona nina sindano, zinatosha. Juma la kwanza sikuona tofauti, nikajisifu. Baadaye mwili ukaanza kufunga. Nilikuwa nafika mlangoni, naona kizingiti, nakiambia kiguu kivuke, kiguu hakisikii. Siku hiyo nilijisukuma, mwili ukaenda miguu ikabaki.

Silasi alinibeba mpaka hospitalini. Daktari Wei aliniona ninavyoingia, hakugusa sindano. Akauliza, "Vidonge?" Nikajifanya sijaelewa. Akauliza tena. Benedikta akanishika bega akasema, "Babu, sema tu, hapa hatuchapagi mtu." Nikasema nimeacha, kwa heshima yake, ili nisichanganye dawa ya mwenzake na yake. Benedikta alipomtafsiria, yule mama alikaa kitini. Alifikiri amesikia vibaya. Kisha akasema maneno mengi, na mwisho akaniambia kwa Kiswahili chake: "Kidonge kwanza. Sindano kando yake."

Halafu akatoka kwenda kumwita yule daktari wangu wa vidonge. Dorotea, wanakunywa chai pamoja! Walikuja na vikombe mkononi, wakaangalia cheti changu kimoja, wakaulizana, wakakubaliana. Waganga wawili, birika moja. Miaka yangu yote sijaona kitu kama hicho. Nilikuwa nimelala pale nimekakamaa kama mpini wa kasia, na bado nikawa nawaza: kumbe inawezekana.

Waliniuliza nani alinishauri. Nikasema ni akili yangu ya kizee. Basi yaishe.

Bernado


Butiama, 11 Oktoba 1987

Kaka yangu,

Shikamoo, shikamoo tena.

Hukunitaja. Kurasa mbili umeandika na hukunitaja. Si akili yako ya kizee, ni mimi niliyeandika Juni. Nilikuwa nimekaa hapahapa, nimejaa maneno ya mama, nakucheka na sweta. Nililia kwenye ghala la mahindi ili Makongoro asinione, akaniona. Nilidhani nakulinda. Nisamehe.

Nimekwenda Bunda nikamuuliza mtu wa duka la dawa kuhusu Pakinsoni, maana sasa yako maduka ya watu binafsi. Vidonge vyako hana, ila anasema vikiadimika Musoma ataviagiza Mwanza. Nitavifuata mwenyewe. Usiache hata kimoja.

Sasa la Desemba. Limetoka, si mdomoni mwangu, watu wa Bukima wamelisema. Mwenyekiti wa kamati ni Mseti, mdogo wake Makongoro, unamjua anavyopenda haraka. Amesimama kwenye kikao akasema aletwe Pastory wa Manyamanyama, kijana mwenye kinanda cha betri. "Tuna wageni toka jimboni," anasema. "Huyo mzee ataganda mbele ya Askofu, tutaaibika." Watu wakaniangalia. Nikamwambia Mseti kama ana haraka aende akatazame mpira, misa haina kipenga. Nikasema mwanangu amemtaka mjomba wake, na mjomba akiimba polepole, tutakaa polepole.

Lakini niliporudi nyumbani nikaogopa. Nilishakushauri mara moja kwa ujasiri, ukapasuka uso. Sitaki kukusukuma tena uanguke mbele ya watu kwa sababu mimi ni mbishi. Kwa hiyo sisemi kitu. Useme wewe.

Mdogo wako,
Dorotea


Bukima, 15 Novemba 1987

Dorotea,

Ya Juni yaliisha Juni. Ulifuata maneno ya mama, nami niliyafuata, mama hakuwahi kumwona Mchina. Tusimlaumu.

Nimerudi nyumbani. Nyamburi ananipa vidonge kwa saa ya redio, na nikichelewa kumeza ananikodolea macho kama nina deni la kanisa. Sindano nazifuata Musoma nikipata usafiri. Nilitaka kujua zinafanya nini hasa, kwa hiyo nilimwomba Daktari Wei niruke majuma kadhaa nione. Akakubali, akasema naye anataka kujua. Mkono haukubadilika. Usingizi ukaharibika, shingo ikakaza. Nilipomrudia nikalala vizuri. Nikamuuliza, ni sindano, au ni kule kulala kimya kitandani na mtu ananiuliza "nzito"? Akafikiri sana. Akasema, "Sijui." Nimempenda zaidi kwa hilo.

Desemba: mwiteni Pastory na kinanda chake. Asimamie nyimbo za kuingia, za sadaka na za kutoka, ni za mbio. Mimi nipeni Utukufu. Huo nimeutunga kwa ajili ya Stanislausi na sitampa mtu mwingine.

Bernado


Butiama, 3 Januari 1988

Kaka Bernado,

Shikamoo na heri ya mwaka mpya. Mmeondoka na lori asubuhi hata hatujakaa tukaongea, nyumba ilikuwa imejaa wageni, mimi niko jikoni, wewe umezungukwa na wazee. Sufuria tatu hazijulikani ziliko na Mseti anadai si yeye.

Naandika haraka maana nimejaa. Nilikuwa benchi la mbele, mama wa padre, nimevaa lile gauni la sherehe, na wewe nilikuona mgongo tu. Nilipoona unasimama polepole, unafika mbele ya kwaya polepole, nilishika mkono wa Makongoro mpaka akaguna. Kisha ukainua mkono. Na Utukufu ukatoka, Kaka! Si wa mazishi! Ulianza kwa upole, halafu katikati ukashika mbio, sauti za kina mama zikapanda mpaka mabati yakalia. Mikono yako ilikuwa juu, imetulia kabisa, haitetemeki hata kidogo. Stanislausi alifumba macho pale altareni. Mseti aliyekuwa anaogopa aibu ndiye aliyelia wa kwanza.

Huku wote wanasema Mchina ameshinda. Makongoro anataka kumpelekea Daktari Wei mbuzi. Watu wananiuliza ni sindano ipi, amechoma wapi. Niambie. Alikufanya nini safari ya mwisho, mpaka mkono ukawa imara vile?

Dorotea


Bukima, 24 Januari 1988

Mdogo wangu Dorotea,

Heri ya mwaka kwako, kwa shemeji, na salamu za heshima kwa Padre wetu, mwambie mjomba anaomba baraka kwa barua. Nyamburi mzima. Mvua za vuli zimetupa mahindi kidogo. Sufuria moja kati ya zile tatu iko hapa, Hyasinta wa kwaya yetu aliipakia kimakosa pamoja na ngoma.

Mbuzi apelekwe, yule mama anastahili, na yule wa vidonge apewe mguu. Lakini usiwaambie watu kwamba ameshinda, nawe nitakuambia ukweli kwa sababu ulikuwa nyuma yangu, hukuona.

Nilianza vizuri. Kidonge nilikuwa nimemeza kwa saa yake, shingo ilikuwa nyepesi. Nikainua mikono, sauti ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia. Tulipofika "Mwanakondoo wa Mungu" mikono ikakwama. Imesimama hewani, haishuki, haipandi. Niliiamuru kwa nguvu zangu zote. Nilijua hiyo ndiyo aibu aliyoisema Mseti, imenifikia, na mtoto wa dada yangu yuko altareni.

Hyasinta yuko mbele, sauti ya kwanza. Aliniangalia mikono, akaniangalia uso, akaelewa. Hakugeuza macho. Akavuta pumzi, akaendelea, na wenzake wote wakaendelea naye, wamenikazia macho usoni kana kwamba ni mimi ninayewaongoza. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Pastory. Wakakimbia nao, wakapandisha pale ambapo sikuwahi kuwaruhusu kupandisha. Mikono uliyoiona imetulia, Dorotea, ilikuwa imeganda. Kwaya ilikuwa inaimba yenyewe.

Niliumia. Nisikudanganye, niliumia sana, kama mtu aliyekuta nyumba yake inakwenda vizuri bila yeye. Lakini sikuwa na kazi nyingine ya kufanya pale mbele zaidi ya kusikia. Nimewafundisha watu wale tangu Hyasinta akiwa msichana, na kila Jumapili nilikuwa nasikiliza nani amechelewa, nani amepotea, sauti ya tatu imeshuka wapi. Siku hiyo nilisikiliza wimbo.

Kumbe wanaimba vizuri, dada yangu. Wanaimba vizuri sana.

Kaka yako,
Bernado